Moshi Ulioangukia Nguo Nyeupe za Malaetoa

Jua halijapita juu ya minazi ya Malaetoa, kisiwani Savai'i, na Fuatino Sefo tayari amesimama nje ya kibanda chake cha bati, ameinua uso kama mtu anayenusa mvua. Hatazami saa wala simu. Anatazama bomba la moshi.

"Moto nikishauwasha, macho yangu hayabanduki pale juu," anasema, akikaza shuka alilolifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi. "Ukitoka mweupe, huo ni mvuke tu, mawe yanakauka. Ukiwa wa kijivu, nakaa chonjo. Ukiwa mweusi, nazima. Siku hizi nazima."

Hilo neno "siku hizi" analitamka taratibu, kisha anaingia kibandani.

Ndani kuna kiti kimoja kilichochanika, ukuta mzima wa vitufe na taa, na dirisha pana. Anabonyeza kitufe cha kwanza. Kengele inalia kuwafukuza watu karibu na mitambo. Feni kubwa inaanza kuvuta hewa, na pipa la chuma lenye urefu wa basi linajigeuza kivivu, mara linashika mwendo. Kwenye kichwa cha pipa, mwali wa moto unanguruma.

Nje, Uili, dereva wa loda, anamwaga kokoto kwenye masanduku manne makubwa: nene, za wastani, ndogo, na vumbi la mawe. Kila sanduku linadondosha kipimo chake juu ya mkanda, na mkanda unaingiza mawe pipani bila kukatika, kama sisimizi wanaohama.

"Watu wanadhani lami ya barabara inapikwa kama mchuzi, chungu hiki kikiisha unateleka kingine," Fuatino anaeleza. "Ipo mitambo ya namna hiyo. Huu wetu ni wa mfululizo. Jiwe linaingia upande huu, moto unalikausha, linasogea, linanyunyiziwa lami ya maji, linatoka upande ule limeshavaa nguo nyeusi. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Ukikosea sasa hivi, kosa lako utalikuta kwenye lori."

Mchanganyiko unaofuka mvuke unakokotwa juu kwa mnyororo hadi kwenye tangi refu lililosimama kwa miguu minne. Malori yanapita katikati ya miguu hiyo, yanajazwa, yanaondoka mbio kabla mzigo haujapoa.

Kazi hii inampa Fuatino, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, tala mia nne na kidogo, fedha ya huko, kwa wiki. Kwa Malaetoa ni mshahara wa kuonewa wivu. Unalisha nyumba ya watu saba, hasa miezi ile ambayo mumewe, Tavita, yuko New Zealand kuchuma matufaha.

Lakini jioni, akishazima mitambo, Fuatino hapiti barabara ya kijiji. Anazunguka nyuma, kwenye mashamba ya majimbi, anatokea uani kwao.

"Kule mashambani hakuna wa kunisalimia," anasema.

Aliingia kampuni hiyo kama mfagiaji. Baadaye akawekwa kwenye mizani ya malori. Fundi mmoja kutoka Fiji, aliyekuwa akiendesha mtambo, alimwona akichungulia dirishani kila akipata nafasi, akamwita ndani, akamfundisha. Fundi alipostaafu na kurudi kwao, Fuatino akakalia kile kiti. Hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia.

Wiki za mwanzo, umeme ulikatika ghafla pipa likiwa limejaa. Pipa lilisimama, mnyororo ukasimama, na tani kadhaa za lami zikaanza kugandia humo ndani. Wanaume waliingia na masepeto na mitaimbo, wakachimba alasiri nzima kwenye joto ambalo Uili anasema halisemeki.

"Tulimtania sana," Uili anakiri. "Tukasema, mwanamke kagandisha mtambo, kesho atagandisha bahari. Umeme haukukatwa na yeye, tulijua. Lakini ukishika sepeto kwenye joto lile, unatafuta mtu wa kumsema."

Fuatino naye alicheka pamoja nao siku ile. Moyoni, anasema, aliapa jambo moja: mtambo hautasimama tena mkononi mwake, liwe liwalo.

"Hapo ndipo nilipokosea. Hata kabla ya zile nguo."

Nguo anazozisema ni za Jumapili Nyeupe ya mwaka jana.

Siku hiyo, mwezi wa Oktoba, ni ya watoto. Wanaingia kanisani wakiwa weupe kuanzia kola hadi soksi, wanasimama mbele mmoja mmoja kusema mistari waliyoikariri kwa wiki kadhaa, na wakirudi nyumbani wanakula wa kwanza, wazazi wakiwahudumia. Hakuna mama wa Malaetoa anayekubali mwanawe aonekane na doa siku hiyo. Nguo zinashonwa mapema, na Jumamosi yake wanawake wa kamati wanazifua pamoja, wanazitia wanga, wanazianika kwenye kamba ndefu nyuma ya ukumbi wao.

Kamba hizo zinaonekana kutoka dirishani kwa Fuatino.

Wiki nzima kabla ya hapo mvua ilikuwa imenyesha. Lundo la kokoto lilikuwa linachuruzika.

"Nilimwambia asubuhi," Uili anakumbuka. "Nikamwambia, dada, haya mawe yamelewa maji, leo utachoma dizeli mpaka ulie."

Jiwe lililolowa linataka moto mkali. Moto mkali unataka hewa nyingi. Na hewa yote ya mtambo huvutwa kupitia chumba cha vichujio, chenye mifuko mirefu ya kitambaa iliyoning'inizwa kwa mamia kama soksi za majitu. Vumbi linabaki kwenye mifuko, hewa inatoka safi. Jumamosi ile mifuko mingi ilikuwa imeshika tope na kuziba, na mingine imechanika. Mipya ilikuwa bado melini.

Basi moto ukakosa pumzi. Dizeli ikawaka nusu nusu, na masizi yenye mafuta yakapenya kwenye mifuko iliyochanika, yakapanda bombani.

Siku nyingi yasingemfika mtu. Upepo wa kawaida hupeleka moshi upande wa uwanda wa mawe meusi ya volkano, ambako hakai mtu. Kabla ya adhuhuri upepo ukalegea, ukakaa kimya kidogo, ukageuka.

Uili ndiye aliyeita kwenye redio. "Dada, bomba lako linatapika."

"Naliona," akajibu.

"Linatapikia kijijini."

Fuatino akamwita meneja, Iakopo, aliyekuwa na mafundi wa barabara karibu na bandari. Iakopo alisema kipande kile cha barabara lazima kimalizwe kabla ya sikukuu, malori yanangojwa, aendelee.

Fuatino hapendi watu wamsingizie Iakopo. "Kuuzima vizuri ni kazi ya muda mfupi," anasema. "Unakata mlo wa mawe, unaacha pipa litoe kilichomo, unazima moto. Hakigandi kitu. Au unapunguza tu mawe, moto unatulia. Kitufe kilikuwa hapa, mkono wangu hapa. Iakopo alikuwa mbali, hakuona chochote. Mimi nilikuwa naona."

Aliona nini?

Lori linapiga honi, analijaza, linaondoka.

"Yalikuwa yamebaki malori matatu. Nikajiambia, matatu tu. Nikawaza yale masepeto. Nikawaza watakavyosema."

Yale malori matatu yalijazwa.

Masizi ya namna ile hayaanguki kama majivu. Yanaelea, yanatua taratibu, na ukiyapangusa yanatambaa. Matalena, mwenyekiti wa kamati ya wanawake, mama wa makamo mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikuwa ndani ya ukumbi akipiga pasi aliposikia kelele.

"Nilidhani kuna mtoto kaumwa na mbwa," anasema. "Kutoka nje, naona wanawake wamekumbatia nguo, wanazikusanya kama mtu anayekimbiza vitu kwenye moto. Na kadiri wanavyozishika ndivyo zinavyochafuka. Nikawapigia kelele, acheni, msiguse! Wamekwisha gusa."

Walijaribu sabuni, wakajaribu ndimu, mmoja akaleta mafuta ya taa. Madoa yalififia yakawa ya kijivu, lakini yakawa makubwa zaidi.

Wanawake walikwenda getini pa kampuni wakiwa bado na mapovu mikononi. Iakopo alikuwa amesharudi. Aliwaambia kwa upole kwamba anasikitika, upepo uligeuka ghafla na hakuna aliyeweza kujua. Kisha akamgeukia Fuatino aliyekuwa amesimama nyuma yake. "Si ndiyo?"

"Niliitikia kwa kichwa," Fuatino anasema. "Sikusema neno. Kichwa tu. Na wao wakaniamini, kwa sababu mimi ni mtoto wao. Mmoja alinishika bega, akaniambia pole kwa kazi."

Anafuta kioo cha dirisha kwa kiganja, ingawa ni kisafi.

Nyumbani alikuta jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Kwa kuwa alishinda kazini, hakuwa amempelekea Matalena gauni la binti yake Ruta likafuliwe na mengine. Lilikuwa sandukuni, limekunjwa, jeupe pe.

Katika watoto wote wa Malaetoa, ni wa kwake peke yake aliyebaki na nguo safi.

Asubuhi ya Jumapili alimtolea Ruta gauni la maua la kila siku. Mtoto, wakati huo ana miaka saba, alilitazama akaangua kilio.

"Kwa nini mimi? Nimefanya nini?"

Mjomba wake Fuatino, Vaelupe, mzee mwenye cheo cha ukoo wao, alikuwa anafunga shuka lake la kanisani. Aliuliza kuna nini. Alipoelezwa, alisema, "Mvalishe jeupe. Mtoto hakuwasha moto."

Ruta akaenda na jeupe.

Fuatino anasema anaweza kukuchorea kila uso aliouona kanisani siku ile. Watoto walipangwa mstari, na mstari ule ulikuwa kama anga la mvua, kijivu hapa, kijivu pale, mabaka mabegani, mabaka kifuani. Katikati yake alisimama Ruta, anang'aa.

Zamu yake ilipofika alisema mistari yake yote, kwa sauti, bila kukwama, akainama vizuri kama alivyofundishwa. Kwa desturi, hapo watu hushangilia, bibi mmoja hupiga kofi, mwingine hutoa mzaha. Siku ile hakikusikika kitu. Mtu mmoja alikohoa.

"Mwanangu alirudi kukaa akiniuliza, mama, nimekosea wapi? Nikamwambia hujakosea. Akasema, mbona hawajafurahi?"

Chakula kilipoiva, nguruwe, majimbi na majani yake yaliyopikwa kwa tui, Fuatino aliwahudumia watoto wa nyumba, yeye hakugusa kitu.

Jumatatu ni mapumziko. Vijana wanacheza, watu wazima wanalala. Fuatino alikuwa anafagia uani Uili alipotokea mbio, hana viatu.

"Fuatino! Mjomba wako yuko mbele ya ukumbi wa kamati."

"Anafanya nini?"

"Yuko chini ya mkeka."

Ufagio ulimtoka mkononi.

Kisiwani, mtu akimwaga damu ya mwenzake au akimvunjia heshima kubwa, mkuu wa ukoo wake huenda alfajiri mbele ya nyumba ya aliyekosewa, akajifunika mkeka laini wa ukoo, ule unaorithiwa na kutunzwa kuliko fedha, akainamisha kichwa. Hukaa hapo. Waliokosewa wakitaka watamwondolea mkeka na kumsamehe. Wakitaka watamwacha juani. Zamani wangeweza hata kumpiga. Ni jambo zito, na hakuna mtu Malaetoa anayekumbuka likifanywa kwa ajili ya nguo.

Wengine walicheka mwanzoni. Kijana mmoja aliyekuwa anapita alisema kwa sauti, "Mzee kachafua soksi?" Hakuna aliyemjibu, akaondoka ameinama.

Fuatino alifika akihema. Nyasini kulikuwa na kilima kidogo cha mkeka, na nyayo mbili za kizee zikichungulia nyuma. Aliinua pembe, akaingia.

"Mjomba, toka. Nakuomba toka."

"Funga hilo, unaingiza nzi."

"Ni nguo tu, mjomba!"

"Nguo tu? Basi mbona hujala tangu juzi?"

Chini ya mkeka kulikuwa na joto na harufu ya mafuta ya nazi. Anakumbuka jasho likimdondoka mzee kwenye ncha ya pua.

"Magoti yako," akamwambia.

"Magoti yalishakufa, usiyaulize. Nisikilize. Mimi sijui mambo ya mitambo. Nimekuja kwa sababu nilikuona jana. Mtu ambaye upepo umemgeukia tu hainamishi shingo namna ile."

Fuatino anasema hapo ndipo alipolia, na kilio hicho kilimtia aibu zaidi, kwa kuwa watu walikuwa wanakisikia na hawamwoni, na wangedhani ni mzee anayelia.

Matalena hakutoka mara moja. Yeye mwenyewe anasema alikuwa ndani, anawaona kupitia nafasi kati ya nguzo, na hakujua la kufanya.

"Ningewaondoa haraka, ningemdharau Vaelupe, ingekuwa kama kusema hana lolote alilolileta," anaeleza. "Ningewaacha, jua lingemuua mzee wa watu. Nikakaa nakunywa chai isiyo na ladha. Halafu nikajiuliza, huyu mzee si mjinga. Kwa nini amekuja?"

Jua lilikuwa limepanda juu ya paa la ukumbi alipotoka. Hakuuinua mkeka. Alichuchumaa karibu nao.

"Fuatino, upo humo?"

"Nipo, mama."

"Dirisha la kile kibanda chako linatazama wapi?"

Wanawake waliokuwa wamesimama walisogea karibu.

"Linatazama kwenu, mama."

"Ulituona?"

Fuatino anasimulia kwamba uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshatafunwa, ni wa kuutoa tu. Upepo uligeuka ghafla. Moshi ulitanda. Nilikuwa nashughulika na malori. Kila neno lilikuwa na ukweli wake kidogo. Pembeni yake mjomba alikuwa ameacha kuhema.

"Niliwaona," akasema. "Niliona kamba zote. Niliona hata lile taulo la manjano mlilolisahau. Nikaona moshi unakuja. Nikajaza malori matatu."

Kisha mkeka ukainuliwa, na mwanga ukawaumiza macho.

Matalena alimshika Vaelupe kwapani, akamsaidia kusimama. Magoti yalikataa, wakamshika wawili. "Simama, mzee wetu, unatutia dhambini," alimwambia. Aliukunja mkeka kwa heshima, akaupokea, maana yake yameisha. Kwa Fuatino hakusema neno. Alimwingiza ukumbini, akamketisha, akampa bakuli la koko ya moto, kinywaji cha kakao, kwa mikono yake miwili.

"Nilitamani angenipiga," Fuatino anasema. "Kipigo kina mwisho wake. Ile koko naimeza mpaka leo."

Tangu siku hiyo hakuna mtu mzima wa Malaetoa aliyelitaja jambo lile mbele yake. Lililosamehewa chini ya mkeka halichimbuliwi. Watoto ndio hawajui kanuni. Siku moja kikundi chao kilimwita kwa pamoja, "Mama Masizi!" na mama zao wakawavuta masikio. Vilio vya wale watoto, anasema, vilimchoma kuliko lile jina.

Vaelupe sasa anatembea na fimbo. Ukimuuliza kama ni kwa sababu ya siku ile, anakasirika.

"Magoti haya niliyaharibu nikipanda minazi, huyu binti hajazaliwa," anasema. "Asijitwalie sifa zisizo zake."

Je, anajutia kukaa pale?

Anafikiri. "Ninajutia kitu kimoja. Nilisahau kukojoa kwanza."

Mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimepamba moto, bomba lilianza tena kugeuka rangi. Malori matano yalikuwa kwenye foleni. Fuatino alikata mlo wa mawe, akaacha pipa lijimwage, akazima.

Redio ikalia. "Nani kakwambia uzime?" Ni Iakopo.

"Bomba."

"Fuatino, usinichezee."

"Njoo ukae wewe, bosi. Funguo ziko mezani."

Iakopo alikuja, akasimama mlangoni, akalitazama bomba kwa muda, akaondoka bila kugusa funguo. Wiki iliyofuata mifuko mipya ilifungwa. Uili anasema siku ile ya kuzima yeye na wenzake walikaa chini ya bati wakicheza karata, na hakuna aliyetaja sepeto.

Mtu angemsifu kwa hilo. Fuatino anatikisa kichwa.

"Mvua ilikuwa inanyesha," anasema. "Hakuna aliyekuwa ameanika hata kitambaa. Kuzima siku kama hiyo ni rahisi. Sijui bado kama mimi ni mtu wa kuzima siku ngumu."

Barabara ya upande huu inakaribia kwisha. Kabla ya mwaka kuisha, mtambo utafunguliwa vipande vipande, pipa, mikanda, tangi na kile kibanda, upakiwe kwenye matrela hadi Fagalele, ng'ambo ya pili ya kisiwa. Kampuni imemwambia Fuatino kiti ni chake akitaka kwenda, na nyongeza kidogo ya mshahara. Ndugu kadhaa walimshauri akatae, akae nyumbani, watu watasahau. Wengine wakamwambia aende upesi, kule hakuna anayemjua.

Atakwenda. Ila hataki kwenda kama mtu asiyejulikana.

Ameshauliza. Fagalele kuna makanisa mawili na kamati ya wanawake inayokutana Jumamosi. Kiwanja walichopewa kiko juu ya kijiji. Amepanga kupanda basi la kwanza Jumamosi moja kabla matrela hayajang'oka, abebe maboksi ya samaki wa kopo kama mgeni mwenye adabu, akaombe kukaa na wanawake wale.

Vaelupe anataka kumsindikiza. Wamelibishania hilo mbele ya mwandishi, mzee akidai mwanamke hawezi kuingia kijiji cha watu bila mkubwa wake, mpwa akimwonyesha ile fimbo. Hawajaafikiana.

"Nitawaambia mimi ni nani na nilifanya nini Malaetoa," Fuatino anasema. Macho yake yako chini, mikono imetulia magotini. "Yote, na kule kuitikia kwa kichwa pia. Najua watanitazama vipi. Halafu nitaomba namba ya simu ya mwenye kamba ndefu ya nguo kuliko wote, na yeye achukue yangu. Upepo ukigeuka, anipigie. Hata kama ni kunitukana, apige tu."